Mungu Si Nadharia: Kwa Nini Uumbaji Utoke Katika Somo la Biolojia

Mwanafunzi wa kidato cha nne aliyejiandaa vyema kwa mtihani wa Biolojia anajua namna ya kujibu swali la chanzo cha uhai. Ataandika kwamba zipo nadharia kadhaa, kisha ataziorodhesha: nadharia ya uumbaji, nadharia ya uhai kuzuka wenyewe kutoka katika vitu visivyo hai, na nadharia ya mageuko ya viumbe. Kila moja ataipa sentensi mbili tatu, na kila moja itampatia alama zake. Mwenzake wa Kenya, aliyesoma Historia ya kidato cha kwanza katika mfumo wa 8-4-4, alikutana na orodha ya ukoo mmoja na hiyo chini ya mada ya binadamu wa kale: uumbaji, masimulizi ya jadi, mageuko. Orodha hizi zimekaa vitabuni kwa muda mrefu hata hakuna anayeuliza ziliingiaje.

Mimi nauliza. Katika nchi nyingine watu hubishana iwapo imani ya uumbaji iruhusiwe kuingia katika darasa la sayansi. Kwetu uumbaji uliingia zamani, ukapewa kiti, na ukapewa jina lisilo lake: nadharia. Hoja yangu ni kwamba jina hilo linaidhalilisha dini na linaipotosha sayansi. Zaidi ya hayo, na hili ndilo linalonisumbua kama mwalimu na kama raia, linawazoesha vijana wetu kuandika wasichokiamini na kuamini wasichokichunguza, mradi alama zimepatikana.

Tuanze na neno lenyewe. Kila mwaka nikiwauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza maana ya nadharia, wengi hujibu kwamba ni wazo ambalo bado halijathibitishwa. Siwalaumu. Katika mazungumzo ya kila siku tunasema "hiyo ni nadharia tu, njoo kwenye vitendo", na lugha ya mtaani ina haki yake. Lakini katika sayansi, wazo ambalo halijapimwa huitwa nadharia tete. Nadharia ni jambo zito zaidi. Ni maelezo mapana yanayounganisha mambo mengi yaliyochunguzwa, na ambayo yamekubali kukaa mahali pa hatari, kwa maana yanatamka mapema ni kitu gani kikionekana yatakuwa yameanguka. Kwamba kipindupindu na kifua kikuu husababishwa na vijidudu ni sehemu ya nadharia, na hakuna mganga mkuu wa wilaya anayesubiri ipande cheo iwe kitu kingine ndipo aagize maji yatiwe klorini.

Nadharia ya mageuko nayo imekaa mahali pa hatari. Likipatikana fupa la ng'ombe katika tabaka la miamba lililojengeka kabla samaki wa kwanza hajawapo, nadharia hiyo itakuwa imepata jeraha kubwa. Tangu Charles Darwin alipochapisha kitabu chake mwaka 1859, watu wamechimba kila bara, wakiwamo waliotamani sana kuipata aibu hiyo. Fupa hilo halijapatikana.

Sasa tumuulize muumini: ni ushahidi gani ukionekana utakiri kwamba Mungu hakuumba? Hakuna, wala haupaswi kuwapo. Anayekiri kwamba ulimwengu ni kazi ya Muumba haleti wazo lipimwe katika maabara. Anaungama, anashukuru, anaabudu. Kuliita ungamo hilo nadharia ni kulishusha liwe miongoni mwa mawazo yanayoweza kufutwa kesho kwa darubini yenye nguvu zaidi. Na tazama jirani aliyepewa katika ile orodha. Nadharia ya uhai kuzuka wenyewe ndiyo iliyodai kwamba funza huzaliwa na nyama iliyooza. Francesco Redi aliitikisa kwa majaribio yake ya mwaka 1668, na Louis Pasteur akaizika mwanzoni mwa miaka ya 1860. Ni sheikh gani, ni padri gani, angeridhia imani yake ikae benchi moja na funza wa nyama iliyooza, ikisubiri kusahihishwa kwa kalamu nyekundu?

Tuseme hata hivyo kwamba uumbaji ubaki. Uumbaji upi? Waganda wana Kintu na Nambi. Wakikuyu wana Gikuyu na Mumbi, waliopewa nchi chini ya Mlima Kenya. Wamaasai wanasimulia jinsi Enkai alivyowateremshia ng'ombe kutoka mbinguni. Wakristo wana Kitabu cha Mwanzo, na hata wao hawakubaliani iwapo siku sita ni siku za saa ishirini na nne. Waislamu wana Kurani, na wafasiri wake wana mijadala yao. Angalia basi jinsi orodha ya Historia niliyoitaja ilivyogawa heshima: lililoandikwa Biblia liliitwa nadharia ya uumbaji, lililosimuliwa na babu zetu likaitwa masimulizi ya jadi. Nani alitoa hukumu hiyo, na kwa kipimo gani? Hakika haikuwa sayansi, maana sayansi haina chombo cha kupimia kati ya Adamu na Kintu. Ilikuwa ni mamlaka tu, na mamlaka iliyojificha nyuma ya kitabu cha kiada.

Hapa ndipo suala linapotoka darasani na kuingia katika siasa. Ibara ya 3 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inaitaja nchi hii kuwa isiyo na dini, na ibara ya 19 inalinda uhuru wa kila mtu wa kuabudu huku ikiacha shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ibara ya 8 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema hakutakuwa na dini ya taifa. Tumezoea kusema kwamba serikali haina dini bali wananchi wana dini zao. Serikali inapochukua simulizi moja la imani na kulitahini katika somo la lazima au la mchepuo wa sayansi, imeanza kuchagua. Leo imechagua lililo karibu na lako, nawe umenyamaza. Siku itakapochagua la jirani yako, utakuwa umeshaipa kibali.

Nchi chache duniani zina sababu ya kulifundisha somo la mageuko kwa kujiamini kama yetu. Tarehe 17 Julai 1959, katika bonde la Oldupai, Mary Leakey aliliona fuvu ambalo mumewe Louis aliliita Zinjanthropus, kutokana na Zanj, jina ambalo Waarabu wa kale waliitia pwani yetu. Mwaka 1961 ilitangazwa kwamba tabaka alimolala zamadamu huyo lina takriban miaka milioni 1.75. Kipimo kilikuwa majivu ya volkano. Aina fulani ya potasiamu iliyomo ndani ya majivu hugeuka kuwa gesi ya argoni kwa mwendo usiobadilika, kwa hiyo majivu yakishapoa ni kama saa iliyoanza kuhesabu. Si mbali na hapo, huko Laetoli, mwaka 1978 zilifukuliwa nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili juu ya majivu mabichi, yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Mwaka 1984, magharibi ya Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa na jicho lisilo na mfano katika kazi hiyo, aliona kipande kidogo cha mfupa wa kichwa. Kipande hicho kilifungua njia ya kupatikana kwa sehemu kubwa ya mifupa ya kijana aliyeishi miaka milioni moja na nusu iliyopita.

Huu ni urithi wetu. Lakini mwaka 2006, Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi yalipokuwa katika ukarabati, baadhi ya viongozi wa makanisa ya kiinjili walifanya kampeni kutaka mifupa hiyo isiwekwe mahali pa mbele, wakidai inaudhi imani ya waumini. Makumbusho hayakukubali, na yalistahili pongezi. Nasi Tanzania hatujapata kampeni ya namna hiyo, pengine kwa sababu hatuihitaji. Fuvu la Oldupai limehifadhiwa Dar es Salaam, na ni wangapi kati yetu tuliolipita mara mia kwenye Mtaa wa Shaaban Robert bila kuingia kulitazama?

Atakayesema kwamba mambo ya mamilioni ya miaka hayamsaidii mkulima wa Nachingwea, namwomba akumbuke klorokwini. Wenye umri wa miaka arobaini na kuendelea wanaukumbuka uchungu wa vidonge vile na mwasho wake. Klorokwini ilikuwa dawa ya bei nafuu iliyookoa watoto wengi, kisha ikaanza kushindwa. Mwaka 2001 Tanzania Bara iliiacha na kutumia SP. Kabla ya mwaka 2006 kwisha, SP nayo ikawa imepisha dawa mseto. Kilichotokea ndani ya damu zetu ni mageuko, bila chumvi. Miongoni mwa mabilioni ya vimelea, wachache walibeba badiliko dogo la jeni lililowawezesha kuistahimili dawa. Dawa ikawaua wenzao, wao wakabaki, wakazaana, wakaijaza nchi. Huo ndio uteuzi wa asili.

Malawi ilitupa sura ya pili ya somo hilohilo. Iliacha klorokwini mapema zaidi, mwaka 1993. Dawa ilipoondoka, wale sugu walipoteza faida yao, na vimelea vinavyokufa kwa klorokwini vikarudi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba dawa ile iliyokuwa imeshindwa ilikuwa sasa inaponya karibu wagonjwa wote waliopewa. Sasa hivi tuna onyo jipya. Tangu mwaka 2020 wataalamu wameripoti kutoka Rwanda, kisha Uganda, kisha mkoa wetu wa Kagera, vimelea vyenye mabadiliko ya jeni yanayopunguza nguvu ya artemisinini, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa dawa mseto. Mfamasia anayeuza dozi bila kipimo, afisa manunuzi anayepitisha dawa zilizo chini ya kiwango, mzazi anayegawa dozi moja kwa watoto wawili: hao wote wako ndani ya mada ya mageuko, wajue wasijue. Je, tunataka waijue kama nadharia ya tatu katika orodha?

Ugonjwa wa selimundu unatoa mfano mwingine wa hapahapa. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtoto aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria kali, ilhali aliyerithi kwa wazazi wote wawili huugua. Ndiyo maana alikuta jeni hiyo kwa wingi Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, ambako mbu wametawala, na kwa uchache nyanda za juu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaliwa watoto wengi sana wenye ugonjwa huu. Msichana aliyefundishwa jambo hili sawasawa atajua kwa nini apime kabla ya ndoa. Aliyefundishwa kukariri orodha huenda akaambiwa na majirani kwamba mwanawe amerogwa, na asiwe na la kuwajibu.

Nije kwa hoja za wanaonipinga, maana baadhi yake zina uzito.

Ya kwanza ni ya haki: fundisheni pande zote mbili, mwanafunzi achague. Inapendeza sikioni, lakini ina ukoo wake, na ukoo huo uko Marekani. Mwaka 1925 jimbo la Tennessee lilipiga marufuku kufundisha mageuko, na mwalimu John Scopes akatozwa faini ya dola 100. Mwaka 1968 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilibatilisha sheria kama hiyo ya Arkansas. Iliposhindikana kuyakataza mageuko, ikaja hoja ya mgawo sawa. Jimbo la Louisiana likatunga sheria mwaka 1981 kwamba anayefundisha mageuko afundishe na "sayansi ya uumbaji". Sheria hiyo nayo ikaanguka mwaka 1987. Ndipo jina likabadilishwa, ikawa ni elimu ya "usanifu wenye akili". Katika kesi ya Dover, Pennsylvania, mwaka 2005, rasimu za kitabu kilichopendekezwa kwa wanafunzi zililetwa mahakamani, na ikaonekana kwamba baada ya hukumu ya 1987 maneno ya uumbaji yalifutwa na ya usanifu yakapachikwa palepale. Jaji John E. Jones, aliyeteuliwa na Rais George W. Bush na ambaye hakuna angeweza kumwita adui wa dini, aliamua kwamba jambo hilo ni dini na si sayansi. Hoja ya pande mbili, basi, ni nguo iliyokwisha kuvaliwa na kuvuliwa kwingine. Sisi tunaipokea kama mtumba na kudhani imetoka kiwandani jana.

Wala tusidhani ni ugonjwa wa Wakristo peke yao. Mwaka 2017 serikali ya Uturuki iliamua kuondoa mageuko katika mtaala wa sekondari kwa maelezo kwamba mada hiyo ni nzito mno kwa umri wa wanafunzi na iachiwe vyuo vikuu. Dawa za malaria hazisubiri mtu afike chuo kikuu.

Haki darasani si kugawa dakika sawasawa kwa kila wazo. Mwalimu wa Jiografia hagawi kipindi nusu kwa nusu kati ya wanaosema dunia ni mviringo na wanaosema ni bapa. Haki ni kumwonyesha mwanafunzi ushahidi, kumfundisha kuupima, na kumruhusu aulize.

Hoja ya pili hutoka kwa wanaharakati wenzangu, na naiheshimu zaidi. Wanasema mageuko ni elimu ya mkoloni, iliyotumiwa kutuita nyani. Ni kweli kwamba ilitumiwa hivyo. Wapo Wazungu waliochora ngazi ya binadamu wakajiweka juu na kutuweka sisi karibu na sokwe. Lakini tufuate kilichowapata. Mwaka 1912 walishangilia fuvu la Piltdown, lililodaiwa kuonyesha kwamba binadamu alianzia Uingereza. Mwaka 1953 wanasayansi walithibitisha kwamba lilikuwa la kughushi. Darwin mwenyewe alikwisha kuandika mwaka 1871 kwamba Afrika ndiyo inayoelekea kuwa chimbuko, na ardhi ya Oldupai na Turkana ikampa haki. Leo jeni zetu zinasema kwamba watu wote walio hai ni jamaa wa karibu na kwamba asili yao ni Afrika. Sayansi ilitumiwa vibaya, kisha ushahidi wake wenyewe ukawaumbua waliokuwa wakiitumia.

Tulinganishe na upande wa pili. Simulizi la Hamu mwana wa Nuhu lilipotoshwa kwa karne nyingi kuhalalisha utumwa wa Waafrika. John Hanning Speke, katika kitabu alichochapisha mwaka 1863, alilitumia wazo la uzao wa Hamu kueleza kwamba watawala wa eneo la Maziwa Makuu ni watu wa damu nyingine waliotoka kaskazini. Wakoloni wakalichukua wazo hilo, wakagawa nalo watu wa Rwanda na Burundi, na mwaka 1994 wachochezi walikuwa bado wanalitumia kuwaita majirani zao wageni wa kurudishwa walikotoka. Huo haukuwa uovu wa Biblia. Ulikuwa uovu wa kuchukua maandiko ya imani na kuyafanya jedwali la elimu ya viumbe. Eneo lote la Maziwa Makuu limekwisha kulipa gharama ya kosa hilo. Halifai kurudiwa hata kwa udogo.

Hoja ya tatu ni ile ya vijiweni: kama tumetokana na nyani, mbona nyani hawa wa leo hawageuki kuwa watu? Jibu liko katika ukoo. Mimi na binamu yangu tuna babu mmoja, na hakuna anayeuliza kwa nini binamu yangu hajageuka kuwa mimi. Sokwe wa Gombe ni binamu zetu, si babu zetu. Babu tuliyekuwa naye pamoja alikwisha kutoweka, yapata miaka milioni sita au saba iliyopita. Na anayetaka kuona jinsi ukoo mmoja unavyotawanyika kuwa wengi aende Mwanza awaulize wavuvi habari za furu. Ziwa Viktoria lilikauka mwishoni mwa zama za barafu, na katika takriban miaka 15,000 tangu lijae tena, kumezuka aina zipatazo 500 za samaki hao, kila moja na mdomo wake na chakula chake.

Hoja ya nne ni ya maadili: tukiwaambia vijana kwamba wana undugu na wanyama, wataishi kama wanyama. Kwanza, wizi wa mali ya umma nchini mwetu haujafanywa na watu waliosoma Darwin kupita kiasi. Pili, kueleza jinsi jambo lilivyotokea si kuagiza jinsi ya kuishi. Daktari akinieleza jinsi saratani inavyokua haniamrishi niipende. Maadili yanafundishwa nyumbani, msikitini, kanisani, katika Uraia na katika mfano wa wakubwa. Hakuna kati ya hao anayehitaji kwamba Biolojia ipunguzwe ukweli.

Wala kuondoa uumbaji katika Biolojia si kumfukuza Mungu shuleni. Mwalimu Nyerere, Mkatoliki aliyeshika misa kwa bidii hadi uzeeni, alifundisha Biolojia katika shule ya misheni ya Mtakatifu Maria, Tabora, na hakuna aliyemwona amepungukiwa na imani kwa ajili ya somo lake. Papa Pius XII aliruhusu mwaka 1950 uchunguzi wa mageuko ya mwili wa binadamu, na Papa Yohane Paulo II alitamka mwaka 1996 kwamba mageuko yamekwisha kuvuka kiwango cha kuwa wazo la kubahatisha. Theodosius Dobzhansky, mmoja wa waliojenga nadharia ya mageuko ya karne ya ishirini, alikuwa Mkristo wa Kiorthodoksi. Muumini anayejua imani yake ni nini haogopi mifupa.

Kinachonitia hofu zaidi ni kimya cha darasa. Wapo walimu wengi, tena wazuri, wanaofundisha mada hii huku wakiwanong'oneza wanafunzi: andikeni hivi mpate alama, ukweli mtaupata kwenye ibada. Mwalimu hana nia mbaya. Anaogopa wazazi, anaogopa dhamiri yake, na orodha ya muhtasari inampa mahali pa kujificha. Lakini fikiri anachojifunza kijana wa miaka kumi na saba. Anajifunza kwamba karatasi ya mtihani ni mahali pa kusema yanayotakiwa, na kwamba hakuna uhusiano wa lazima kati ya kalamu yake na akili yake. Miaka kumi baadaye kijana huyo ni afisa katika halmashauri. Anaandika taarifa ya utekelezaji asiyoiamini, kwa mkuu asiyeisoma, kuhusu kisima kisichotoa maji. Tunashangaa alijifunza wapi, ilhali sisi ndio tuliompa alama.

Mwaka 2011 tuliliona tunda la elimu hiyo. Msururu wa magari ulienda kilomita nyingi hadi Samunge, Loliondo, ambako mchungaji mstaafu alitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, akisema ameoteshwa na Mungu na kwamba kinaponya UKIMWI, kisukari na saratani. Siwacheki wagonjwa waliokwenda. Mtu aliyekata tamaa ana haki ya kujaribu mlango wowote. Ninaowauliza ni wasomi na viongozi waliokuwamo katika foleni ileile na kutoka nje wakishuhudia. Ni nani kati yao aliuliza wangapi walipimwa kabla ya kunywa na wangapi baada ya kunywa? Swali hilo halihitaji shahada. Linahitaji mazoea, na mazoea hayo hujengwa katika kipindi cha Biolojia, pale ambapo kila dai, la nani vile, huulizwa: umejuaje?

Ninapendekeza basi mambo manne. Kwanza, uumbaji utolewe katika mada ya chanzo cha uhai na mageuko, katika Biolojia na katika orodha za nadharia za Historia, upelekwe unakostahili heshima yake kamili: katika Elimu ya Dini ya Kikristo na ya Kiislamu, na katika fasihi simulizi, ambako Kintu na Gikuyu nao watapewa kiti. Pili, sura ya kwanza ya kitabu cha Biolojia ieleze kwa mifano tofauti ya nadharia tete, nadharia na imani. Tatu, mageuko yasiachwe hadi miezi ya mwisho ya kidato cha nne, yakasomwa kwa kukimbia wakati watahiniwa wanawaza mtihani. Yaanze mapema, kwa mifano ya malaria, selimundu, furu na Oldupai. Nne, watunga mitihani waache kuuliza "taja nadharia". Waulize ni ushahidi gani, ulipimwaje, na nini kingeupindua.

Mitaala iliyoboreshwa ilianza kutumika mwaka 2024, na vitabu vyake vinaandikwa na kurekebishwa wakati huu. Wanaofanya kazi hiyo ni watumishi wa umma, na najua baadhi yao husoma hapa. Nawaambia kwa heshima: hamtaombwa na yeyote kumkana Mungu. Mnaombwa tu msimwandikie alama. Kwa wanafunzi wangu, mnaokwenda kesho kuwa walimu, ombi langu ni dogo zaidi. Mtoto akisimama akauliza, "Mwalimu, je, wewe unaamini ipi?", msijifiche nyuma ya orodha. Mwambieni imani yenu ni yenu na mtaieleza nje ya kipindi, kisha mpeni kile ambacho kipindi kinamdai: ushahidi, na uhuru wa kuuhoji.

Naomba kutoa hoja.